Pale Pasipoota Majani

Nyumba yetu ya Schaerbeek, hapa Bruseli, ilikuwa na sheria nyingi kuliko madirisha. Nasema yetu, lakini yetu ilikuwa sehemu ya chini tu: vyumba vitatu, jiko, na nyuma ya jiko bustani iliyozungushiwa ukuta mrefu wa matofali. Juu yetu kila ghorofa ilikuwa na mwenyewe. Bustani, ijapokuwa mlango wake ulifungukia jikoni kwetu, kwa karatasi ilikuwa ya wote. Sisi tuliruhusiwa kuitumia na kulazimishwa kuitunza. Majani mafupi, ya kijani, toka ukuta hadi ukuta. Mboga hapana. Kamba ya nguo hapana. Uzio hapana. Kuku hapana, na hilo la kuku nina hakika waliliongeza siku waliposikia sisi ndio tunaonunua.

Mume wangu hakujali. Ni mtoto wa Lubumbashi, anapenda shati lililopigwa pasi hata siku ya kupumzika, na kwake yeye kuwa na mlango wake mwenyewe huku Ulaya lilikuwa jambo la kusimulia. Mtu akikutana naye Porte de Namur, kwenye maduka ya Wakongomani, kabla hajauliza habari za nyumbani, alishaambiwa: "Siye sasa ni propriétaires, mon cher!" Nilikuwa namtania kwamba yeye ni propriétaire, mwenye mali, wa kuta tu, majani ni ya bwana wa juu.

Bwana wa juu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wenye nyumba. Mzee wa Kibelgiji, mstaafu, mrefu, mwenye adabu za kuchosha. Alikuwa akishuka na kitabu chake cha règlement, zile sheria za nyumba, kwapani, anasimama mlangoni pa jiko bila kutia mguu ndani, anasema bonjour madame, halafu anatazama bustani. Alichokitazama siku zote kilikuwa kimoja. Karibu na ukuta wa nyumba palikuwa na kipande ambacho majani yake yalitangulia kukauka kila mwaka na yalichelewa kurudi. Kipande cha pembe nne, kilichonyooka kana kwamba mtu alikipima. Urefu wake ulikuwa wa mtu aliyelala, upana ukizidi kidogo. Tulikwisha kutia mbolea, tulikwisha kupanda majani mapya, wapi! Mwezi wa sita ukifika kinajichora chenyewe, cha manjano, hata ukikaa ghorofa ya juu kabisa unakiona.

Mimi sikukifikiria sana mpaka mama yangu alipokuja.

Alikuja miaka ya tisini ikielekea kwisha. Vita vilipoingia Bukavu alitoka kwa miguu, akaingia msituni na mdogo wangu wa kiume, mziwanda wetu, kijana ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinaota. Alipotoka msituni alitoka peke yake. Nilimpata kwa simu ya watu, mstari unakwaruza, akaniambia mdogo wako amefariki, homa, tulimzika vizuri. Nikalia hapo hapo kwenye kibanda cha simu, watu wananisubiri nje. Baadaye tukahangaika na makaratasi hadi akatufikia, mwembamba, koti la msaada linampwaya mabegani.

Siku ya kwanza nilimfungulia mlango wa bustani nikitegemea afurahi. Mama yangu ni mtu wa udongo, shamba lake la Bukavu lilikuwa na kila kitu. Alisimama kwenye kizingiti. Akatazama kile kipande. Akavua viatu.

"Hapa kuko muntu," akasema.

Kwetu Bushi, kando ya Bukavu, jambo hilo si la kushangaza. Babu yangu alilala nyuma ya nyumba, chini ya migomba, na sisi watoto tulicheza kumzunguka. Hakuna aliyepita juu yake na hakuna aliyepanda cha kula pale. Mtu unamjua yuko wapi, basi. Lakini nilikuwa nimetoka zamu ya usiku hospitalini kule Woluwe, nilikuwa nimechoka, na ile sauti yake ilinisimamisha nywele.

"Mama, hapa ni Bruseli. Watu wanazikwa kwenye makaburi ya komini."

"Na mbele ya komini?"

Mbele kwake ni kabla: kabla halmashauri ya mji haijakuwapo. Nikamwambia aingie ndani anywe chai.

Mwaka ule jua halikuwa na huruma. Mvua ilikatika mapema, na komini ikakataza kumwagilia bustani kwa mpira. Règlement ya nyumba kwa upande wake ilisema majani lazima yawe ya kijani. Nilimuuliza bwana wa juu, "Monsieur, sasa tuyapake rangi?" Hakucheka. Alisema atalifikiria. Bustani zote za mtaa wetu zikawa na rangi ya gunia, na kile kipande chetu kikawa cheupe kabisa, udongo umepasuka pembezoni.

Mama hakuuliza mtu. Alianza na beseni. Maji ya kuoshea mchele, maji ya vyombo, maji ya kuogea mtoto wetu, yote yaliingia kwenye beseni na kutoka nje kwa mlango wa jiko. Alichimba mashimo madogo madogo kando ya kuta akapanda lenga-lenga, mchicha wa kwetu, na maboga, mbegu alipewa na mama mmoja wa kanisani. Halafu akaanza kuokota mifuko ya majani makavu ambayo Wazungu waliiweka barabarani ichukuliwe na gari la takataka. Nilishuka kwenye tramu mchana mmoja nikamkuta anaburuta mifuko miwili, mtoto wangu anasukuma kwa nyuma. Aibu niliyoona! Lakini mama alitandaza yale majani juu ya udongo, unene wa kiganja, kama kwetu wanavyofanya chini ya migomba, akaniambia niingize kidole. Chini ya majani palikuwa na unyevu. "Udongo banaufunikaka," alisema. "Beye bazungu banauacha uchi, kisha banashangaa."

Baada ya muda, kati ya kuta zile zote, kwetu tu ndiko kulikokuwa na kijani. Bwana wa juu alitazama toka dirishani kwake na hakujua la kufanya, kwa maana sheria yake moja ilitupongeza na nyingine ilitushtaki.

Kwenye kile kipande mama hakupanda kitu wala hakutandaza jani. Alichomeka vijiti vinne kwenye pembe, akavizungushia uzi mwekundu. Akamfundisha mtoto wangu, ambaye hajaanza hata shule kubwa, kupita kando. "Zunguka, mutoto. Usikanyage pale." Na kila jioni, beseni la maji machafu likishamalizwa kwenye mboga, alirudi jikoni, akafungua bomba, akajaza kikombe kimoja cha maji safi. Huyo anatoka nacho, taratibu, mtoto nyuma yake.

Jioni moja niliwafuata. Mama alipiga magoti nje ya uzi, akanyoosha mkono, akamimina. Sasa sikiliza. Udongo ulikuwa mkavu kama tofali, maji yangepaswa kutapakaa juu, yatengeneze tope kidogo. Hayakutapakaa. Yaliingia kwenye ufa mmoja mara moja, yote, na kwa mbali sana chini nikasikia kitu kama mtu anayemeza.

"Unaona?" mama akasema bila kugeuka. "Anakunywa."

Mtoto wangu akarudia, kwa furaha ya kitoto: "Anakunywa!"

Nilimshika mkono nikamwingiza ndani nikafunga mlango. Nilimkasirikia mama kwa sababu nilikuwa naogopa. Jua lilikuwa bado liko juu, joto la kuyeyusha lami, lakini niliposimama karibu na ule uzi nilisikia baridi kwenye vifundo vya miguu, na harufu ya chumba kilichofungwa siku nyingi.

Mume wangu aligundua mezani. Mtoto alikuwa anacheza na wali wake, akasema, "Papa, tonton alikuwa na kiu sana leo."

"Tonton gani?"

"Ule wa bustani. Koko anamupa maji." Koko ni bibi, tonton ni mjomba, ndivyo watoto wa Kikongomani wa Bruseli wanavyoita.

Mume wangu aliweka uma chini. Hapa lazima nieleze kitu. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kutokaribiana: hawashikani mikono, hawali sahani za karibu, hawajibizani. Mume wangu mwanzoni aliliona hilo jambo la kijijini, lakini kwa heshima yangu alilifuata. Kwa hiyo waliishi nyumba moja wakizungumza kupitia kwangu, hata wakiwa jiko moja.

"Ambia mama," akasema akinitazama mimi, "kama bazungu ba juu banasikia huku tunanywesha bantu benye balikufa maji, tutafanya nini? Donc, ile uzi iondoke. Règlement inakataza uzio."

"Mwambie nimesikia," mama akasema, akiwa hatua mbili tu kutoka kwake.

"Ambia mama ninamuheshimu sana."

"Mwambie ninajua."

Na uzi haukuondoka.

Kesho yake nilimbana mama kwenye sinki, mimi naosha, yeye anakausha. Nikamuuliza kwa nini anamfundisha mtoto wangu kumwita maiti wa Kizungu tonton. Alikausha sahani moja mpaka nikafikiri itatoboka.

"Hatukumuzika," akasema.

Sikuelewa mara moja.

"Mudogo wako. Nilikuambia vile kwa simu sababu ulikuwa unalia. Alikuwa anabeba mufuko yangu kichwani. Nilimuambia aniachie, akakatala, weye unamujua. Akaanguka nayo. Nilimuita, nilimuita. Bantu balikuwa nyuma yetu banakimbia, banatusukuma. Nikakata majani ya muti nikamufunika. Majani tu, mama. Kisha nikatembea." Aliweka sahani kabatini. "Nikifika hapa nikaona ile mahali, nikasema, bon, huyu naye hakuna mwenye anamujua. Mimi nitamutunzia wa kwao. Na kule, Mungu atatuma muntu mwingine, naye amutunzie wangu."

Nililia mpaka maji ya sinki yakapoa. Toka siku ile sikusema tena neno juu ya uzi, wala kikombe. Kama mama yangu alikuwa amepata mahali pa kuweka kilio chake, hata kama ni juu ya maiti asiyejulikana, na hata kama hapo hapana maiti, mimi ningepalinda. Niliapa. Nilimwambia mume wangu akiugusa ule uzi atapika mwenyewe mwaka mzima.

Lakini pale pahali palianza kubadilika. Vijiti vinne ambavyo mama alivisimamisha wima vilianza kuinamia ndani, kila kimoja kikitazama mwenzake. Mama akavisimamisha. Vikainama tena. Katikati ya kipande udongo ulishuka kidogo, ukabonyea kama shavu la mtu asiye na meno. Mtoto alipoangusha mpira wake pale, ulidunda kwa mlio ambao haukufanana na mlio wa mpira kwenye udongo. Ulikuwa mlio wa mlango unaogongwa. Mtoto alisimama kwenye uzi akanitazama. "Maman, tonton anagonga."

"Uache ule mpira," nikamwambia. Nikamnunulia mwingine.

Mwishoni mwa kiangazi bwana wa juu aliita mkutano. Tulikaa sebuleni kwake, wenye nyumba wote, vikombe vidogo vya kahawa na biskuti moja moja. Alikuwa na furaha ambayo sijapata kumwona nayo. Alisema amefikiri sana. Alisema maji ni mali, kwamba yale ambayo madame wa chini, mama yake madame, amefanya yamemfundisha kitu, na kwamba mboga zinaweza kubaki, sheria itarekebishwa. Mume wangu alitaka kumkumbatia. Kisha bwana wa juu akasema amekwisha kununua pipa kubwa la kijani la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye mfereji wa paa, ili mwaka kesho tusihangaike. Na pahali pa kuliweka panajulikana: pale chini ya bomba la mfereji, pasipoota kitu. Uzi utaondolewa, bila shaka.

"Hapana," nikasema.

Wote wakanigeukia. "Kwa nini, madame?" akauliza, kwa upole kabisa.

Kifaransa changu nilikuwa nakijua vizuri, nimesomea, nafanyia kazi. Siku ile kilinikauka mdomoni. Ningewaambia nini? Kwamba chini yake kuna mtu anayekunywa maji? Nikasema mama yangu anapaheshimu pale. Nikasema pako wazi chini, panatoa mlio, waende wasikilize.

"Ni ukavu, madame. Udongo mkavu hulia," akasema. "Hapana kitu pale." Akanigusa bega kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Mikono ikanyooshwa kupiga kura. Wa mume wangu ukanyooka nayo. Nilishuka ngazi kabla ya wote nikaubamiza mlango mpaka kioo kikalia.

Mama alinisoma usoni. Nilipomweleza akasema kitu ambacho hadi leo kikinijia ninapokuwa kwenye tramu nashuka kabla ya kituo changu. Alisema, "Banamubebesha tena."

Walikuja wao wawili, bwana wa juu na mume wangu, wakang'oa vijiti, wakasawazisha udongo kwa kuukanyaga na visigino. Pu, pu, pu. Kila kisigino kilijibiwa toka chini. Nilimwona mume wangu amesimama ghafla, ametega sikio, amekunja uso. Bwana wa juu alisema tena lile neno lake la ukavu, na mume wangu, mtu wa watu, akaendelea kukanyaga. Wakapanga matofali ya saruji, wakasimamisha pipa juu yake. Lilikuwa refu kumzidi mtoto wangu, na tumbo lake watu wawili hawalizungushii mikono. Mama alikuwa amekaa jikoni na mgongo ameuelekeza kwenye mlango. Jioni hakujaza kikombe. Mtoto alimkumbusha, akaambiwa aende kulala.

Kisha mvua ikaja. Ilikuja kwa hasira, na ngurumo, kana kwamba ilikuwa imefungiwa mahali. Bomba la mfereji lilitapika ndani ya pipa kutwa kucha, na ilipofika Jumapili asubuhi lilikuwa limejaa hadi linamwagika pembeni. Bwana wa juu alifungua dirisha lake, akanipungia mkono, akaonyesha pipa kwa kidole gumba. Mimi sikumpungia.

Tulikuwa tunajiandaa kwenda misa. Mume wangu alikuwa amevaa shati jeupe, hajavaa viatu bado. Nikasikia mlango wa nyuma. Mama alikuwa ametoka mvuani, kitenge kimoja kiunoni na kingine kichwani, ndoo mkononi. Alisogea mpaka kwenye pipa, pale ambapo hajawahi kukanyaga tangu aje, akachovya ndoo, akaenda kuimwaga ukutani kwenye mboga ambazo zilikwisha kuzama. Akarudi. Akachovya tena.

"Mama! Mvua hiyo! Unafanya nini?"

"Ninamupunguzia," akasema. Alikuwa anahema. "Ni mingi kwake."

Mtoto alikuwa anavaa buti mlangoni, lile la kushoto kwenye mguu wa kulia, haraka haraka, akamfuate koko wake. Nikamwinamia nimvalishe vizuri. Ndipo, nikiwa nimeinama hivyo, nikaona kwamba pipa halijasimama sawa. Ukingo wake wa juu ulikuwa unamwaga maji upande mmoja tu, upande wa mama.

Nilifungua mdomo. Sijui nilisema nini. Kulitoka mlio mzito, mfupi, wala haukuwa mkubwa, kisha pipa likawa halipo. Likawa halipo tu, pamoja na matofali yake na udongo wake, na mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shimo jeusi, miguu inaning'inia ndani, ndoo bado iko mkononi, na ukingo wenyewe unaanza kumong'onyoka chini yake.

Nilimrukia nikashika kitenge. Kikafunguka, kikabaki mkononi mwangu. Yesu! Alikuwa anateleza. Na hapo akapita mtu kando yangu, peku, shati jeupe, akajitupa kifudifudi kwenye tope, akamdaka mama yangu chini ya kwapa kwa mikono miwili na kumvuta hadi kifuani kwake.

"Mama!" mume wangu alipiga kelele. "Mama, shika miye! Shika miye, mama!"

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia uso kwa uso tangu anioe. Alimvuta mpaka ukutani, wote wawili wamejaa matope, yeye analia kama mtoto na hamwachi. Mimi nilikuwa nimemkumbatia binti yetu kwa nguvu mpaka akasema namuumiza. Buti lake moja lilikuwa limeangukia pale pale kwenye kizingiti.

Nilidhani mama atataka kuingia ndani. Hakutaka. Alijitoa mikononi mwa mkwe wake, akatambaa kwa magoti mpaka karibu na shimo, na hatukuweza kumzuia. Mume wangu alimshika kiuno tu. Nami nikasogea nikatazama.

Kilikuwa chumba. Chumba cha matofali, kuta zimepangwa vizuri ajabu, dari lake la mviringo limebaki nusu. Chini kulikuwa na maji meusi, mengi, yametulia kana kwamba hakuna lililotokea, na pipa la kijani linaelea humo, linazunguka taratibu. Kiangazi kizima tulibeba maji ya vyombo kwa beseni, na haya yote yalikuwa chini ya miguu yetu. Mama hakuyatazama maji. Alitazama pembe za chumba, moja baada ya nyingine, akirudia, akiinamisha kichwa aone vizuri penye giza.

"Ni maji tu?" akauliza.

"Ni maji tu, mama," mume wangu akasema.

"Hakuko muntu?"

"Hakuko, mama. Hakuko muntu."

Mama alifumba macho. Sijawahi kusikia mlio ule aliotoa. Siku ya simu mimi ndiye niliyelia, yeye alikuwa ananituliza. Siku alipofika uwanja wa ndege alicheka. Siku aliponieleza ukweli pale kwenye sinki alikausha sahani. Alikuwa amejizuia mpaka pale. Alilia kwenye mvua, kichwa kwenye kifua cha mkwe wake ambaye kwa desturi hakupaswa hata kumgusa kidole, akiita jina la mdogo wangu, na bwana wa juu alisimama dirishani amefunika mdomo kwa mkono.

Wazima moto walikuja wakaeleza. Kisima cha kukinga mvua, walisema; nyumba za zamani za Bruseli zinavyo, vilijengwa kabla ya mabomba kufika, vikafunikwa na kusahauliwa. Walisema dari lilikuwa limeoza siku nyingi na mtoto angetosha kulivunja. Bwana wa juu alikuja kwetu jioni ile, na kwa mara ya kwanza aliingia jikoni akakaa kwenye kiti. Hakuwa na kitabu. Akanywa chai yangu yote.

Lakini watu husahau upesi. Kufikia majira ya kuchipua shimo lilikuwa limejengewa, limewekewa mfuniko wa chuma na pampu, na wenye nyumba wote walikuwa wanapongezana. Maji ya bure! Sheria zikaandikwa upya, mboga zikaruhusiwa, majani yakaota kila mahali, hata pale, kuzunguka mfuniko. Wageni walioneshwa. Nilichukia kila jani.

Mama hakuikanyaga tena bustani. Lenga-lenga ziliota zenyewe kwa mbegu zilizoanguka, mimi nikazichuma, yeye akazipika, lakini mlango ule hakuupita. Na mume wangu hakurudi kwenye ile heshima ya kupitia kwangu. Alikuwa akirudi kazini anakaa naye moja kwa moja, anamuuliza, mama umekula?

Jioni moja mtoto wetu, aliyekuwa sasa anafika kwenye bomba bila kupanda kiti, alijaza kikombe. Kile kile. Akakibeba kwa mikono miwili mpaka kwa bibi yake aliyekuwa amekaa karibu na dirisha.

"Koko, sasa tonton nani atamupa maji?"

Niliacha kumenya viazi. Mume wangu aliinua uso.

Mama alipokea kikombe. Alikitazama, akatazama nje, kwenye majani yale ya kijani kutoka ukuta hadi ukuta.

"Kule mu pori kwenye alibakia," akamwambia, "mvua inanyeshaka kila siku."

Kisha akanywa yale maji mwenyewe, yote, akampa mtoto kikombe akirudishe kabatini.